Dubai na Riyadh: Treni hazina dereva, lakini abiria anafikaje kituoni?

Mwezi Juni 2025, mtawala wa Dubai, Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, aliweka jiwe la msingi la Njia ya Buluu, njia ya tatu ya metro ya mji huo. Itakuwa na urefu wa kilomita 30 na vituo 14, karibu nusu yake ikipita chini ya ardhi. Mkataba wa ujenzi, wenye thamani ya dirham bilioni 20.5, ulitolewa Desemba 2024 kwa kampuni mbili za Uturuki, Mapa na Limak, zikishirikiana na CRRC ya China. Abiria wa kwanza wanatarajiwa kupanda Septemba 9, 2029, siku ambayo metro ya Dubai itatimiza miaka 20. Kama ilivyo katika njia mbili zilizotangulia, hakuna treni itakayokuwa na dereva.

Upande wa pili wa mpaka, Saudi Arabia ilifungua metro ya Riyadh mwishoni mwa Novemba 2024. Ina njia sita, vituo 85 na reli ya kilomita 176, na shirika la Guinness limeitambua kuwa mtandao mrefu kuliko yote duniani wa treni zinazojiendesha zenyewe. Doha nayo inazo tangu Mei 2019. Omani, inayopakana na Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu, haijawa na reli ya abiria hata moja, ila Wizara ya Uchukuzi, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari imekuwa ikichunguza uwezekano wa kujenga metro mjini Maskati. Kwa hiyo yanayotokea kwa majirani hao ni zaidi ya habari za ugenini. Ni majaribio yaliyokwisha kulipiwa na wengine, na matokeo yake yako wazi kwa anayetaka kuyasoma.

Matokeo hayo hayaonyeshi kile ambacho picha za ufunguzi huonyesha. Kumwondoa dereva ndiyo sehemu nyepesi ya kazi, kwa sababu teknolojia yake ina zaidi ya miaka 40 na inauzwa na kampuni kadhaa. Sehemu ngumu ni zile hatua mia tano, au elfu moja, kati ya mlango wa nyumba na ngazi za kituo, mwezi wa Agosti, saa saba mchana.

Kinachoendesha treni

Treni za mjini zisizo na dereva zilianza kubeba abiria Kobe, Japani, mwaka 1981, zikafuatiwa na Lille, Ufaransa, mwaka 1983, na Vancouver, Kanada, mwishoni mwa 1985. Dubai ilipofungua metro yake usiku wa Septemba 9, 2009, ilichukua kitu kilichokwisha kujulikana na kukijenga kwa ukubwa ambao wengine hawakuwa wameuthubutu.

Katika reli ya kizamani, njia hugawanywa vipande, na treni hairuhusiwi kuingia katika kipande hadi iliyo mbele iwe imetoka. Taa nyekundu na kijani humwambia dereva asubiri au aendelee. Katika mfumo wa Dubai, kila treni hutangaza mahali ilipo kwa mawimbi ya redio, bila kukoma, na kompyuta hupima umbali salama unaopaswa kubaki nyuma yake. Umbali huo husogea pamoja na treni yenyewe. Ndiyo maana treni moja yaweza kuifuata nyingine kwa karibu kuliko macho na mikono ya binadamu ingeruhusu, na idadi ya treni kwa saa ikaongezeka bila kujenga reli mpya. Kwenye jukwaa la abiria, milango ya vioo hufunguka tu treni inapokuwa imesimama mahali pake hasa. Milango hiyo humzuia mtu asianguke relini na, katika nchi za joto, huzuia ubaridi wa kiyoyozi usitoroke.

Nafasi ambayo kwingine ni chumba cha dereva imepewa matumizi ya kibiashara Dubai. Upande mmoja wa treni kuna behewa la daraja la dhahabu, ambalo abiria wake hulipa nauli mara mbili na kupata viti vipana na mandhari ya reli kupitia kioo. Huenda huo ndio muhtasari mfupi kuliko wote wa jinsi mji huo unavyofikiri.

Lakini treni isiyo na dereva haimaanishi treni isiyo na watu. Katika kituo cha udhibiti kilichoko Rashidiya kuna watumishi wanaotazama skrini usiku na mchana, wanaozungumza na abiria aliyebonyeza kitufe cha dharura, na wanaoamua la kufanya kompyuta inapokataa kuendelea kwa sababu mlango mmoja umekwama. Kuna mafundi wanaokagua reli usiku treni zikiwa zimelala, wahudumu wanaozunguka ndani ya mabehewa, walinzi na wasafishaji. Ajira zimehama kutoka mbele ya treni kwenda kwingine, na nyingi zimeangukia kampuni za mkataba. Metro yenyewe haiendeshwi na serikali moja kwa moja. Kampuni ya Serco ya Uingereza iliiendesha kwa miaka 12 ya mwanzo, na tangu Septemba 2021 kazi hiyo imeshikwa na ubia wa Keolis ya Ufaransa na Mitsubishi ya Japani.

Mjini Paris, kubadilisha njia ya zamani iwe ya kujiendesha kulihitaji mazungumzo marefu na vyama vya wafanyakazi, na kazi ikafanywa kidogo kidogo bila kufunga njia. Dubai haikuwa na madereva wa kuachishwa kazi wala vyama vya kuzungumza navyo, ikaanza na ukurasa mweupe. Wepesi huo hauwezi kuhesabiwa kuwa sifa ya teknolojia.

Faida ya kweli huonekana katika ratiba. Kuongeza treni moja saa tano usiku hakuhitaji kumwita mtu kazini, kunahitaji umeme na amri kutoka kituo cha udhibiti. Mkesha wa Mwaka Mpya, umati unapomiminika kutazama fataki, metro ya Dubai hutembea kwa zaidi ya saa 40 mfululizo. Mji wenye madereva waweza kufanya hivyo pia, ila kwa gharama kubwa na kwa mapatano ya mapema.

Reli iliyofuata barabara kuu

Mkataba wa kwanza wa Dubai ulisainiwa mwaka 2005 na muungano ulioongozwa na kampuni za Japani, kwa makadirio ya dirham bilioni 15.5. Gharama ilipanda hadi kufikia kama dirham bilioni 28, na siku ya ufunguzi vituo 10 tu kati ya 29 vya Njia Nyekundu ndivyo vilivyokuwa tayari. Miezi miwili baadaye, kampuni ya Dubai World iliomba wadai wake waiahirishie malipo, na ulimwengu ukauliza ni nani atakayepanda treni hiyo katika mji ulioanza kukimbiwa. Wengine waliuliza kama mtu wa Ghuba ataacha gari lake lenye kiyoyozi atembee juani hadi kituoni.

Jibu la swali la kwanza limo katika hesabu za mamlaka ya barabara na uchukuzi ya Dubai, RTA: mwaka 2023 metro ilibeba abiria milioni 260, na mwaka 2024 milioni 275. Swali la pili liliulizwa vibaya. Waliojaza mabehewa tangu mwanzo ni makarani, wauzaji wa maduka, wahudumu wa hoteli, walinzi na mafundi, ambao kabla ya hapo walisubiri basi au kugawana teksi. Wamo humo Wakenya, Waganda na Watanzania wengi, na jioni si ajabu kusikia Kiswahili katika safari ya kwenda Deira. Wenye magari waliokwenda kituoni wapo, lakini si wao walioifanya metro isimame.

Njia Nyekundu inafuata barabara ya Sheikh Zayed kwa sehemu kubwa ya safari yake. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki ya kihandisi. Ardhi ya kando ya barabara kuu ilikuwa ya serikali, hakuna nyumba za kubomoa, na nguzo zingeweza kusimikwa haraka. Ulikuwa pia na mantiki ya maonyesho, kwa kuwa kila mgeni anayepita humo huziona treni zikielea juu. Kasoro yake ni kwamba kituo kilichopandwa ukingoni mwa barabara yenye njia zaidi ya kumi za magari hakina mtaa unaokizunguka pande zote. Abiria hushuka, hupita katika daraja lenye vioo na kiyoyozi, kisha daraja linakwisha. Kuanzia hapo ni yeye na jua. Mabasi ya kuunganisha vituo na mitaa yapo, na nauli yake huhesabiwa katika safari hiyo hiyo kwa kadi ya Nol, lakini basi linalopita kila baada ya dakika ishirini hula muda wote uliookolewa na treni inayopita kila baada ya dakika chache.

Deira na Bur Dubai ni hadithi nyingine. Huko Njia ya Kijani, iliyofunguliwa Septemba 2011, inapita chini ya mitaa ya zamani yenye maduka chini na nyumba juu, na mtu akitoka kituo cha Baniyas au Al Ras anakuwa amekwisha kufika. Wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wanaofuata bidhaa katika mitaa hiyo hawahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Mji uliojengwa kwa miguu ndio uliopokea reli kwa urahisi zaidi, na jambo hilo lina kejeli yake, kwa kuwa ndio mji ambao matangazo ya Dubai huutaja kwa uchache.

Ramani ya Njia ya Buluu inafaa kusomwa kwa macho hayo. Itapita Mirdif na Al Warqa, Dubai Silicon Oasis na eneo la vyuo vikuu la Academic City, na itafika International City, mtaa mkubwa wa nyumba za kodi nafuu ambao wakazi wake wamekuwa wakitegemea mabasi, teksi na magari ya kuchangia. Kama kuna mahali ambapo treni ingejaa tangu siku ya kwanza, ni hapo. Itawafikia karibu miaka 20 baada ya kuwafikia wakazi wa maghorofa ya Marina na wanunuzi wa Dubai Mall. Haitakuwa haki kusema kwamba wenye kipato kidogo walisahauliwa kabisa, kwa kuwa Njia ya Kijani inakwenda hadi Al Qusais. Lakini utaratibu wa nani atangulie ulifuata mahali ambapo reli ingeonekana, kabla ya mahali ambapo ingehitajika.

Jina nalo huuzwa kabla ya kituo kusimama. Jiwe la msingi la mwezi Juni liliwekwa mahali patakapojengwa kituo chenye urefu wa mita 74, ambacho tayari kinaitwa Emaar Properties, kampuni ya majengo. Rashidiya, jina la mtaa, liliondolewa kituoni likawekwa Centrepoint, jina la duka. Al Jafiliya imekuwa Max, duka jingine. Mapato hayo husaidia kulipia uendeshaji, na si vibaya. Ila mgeni aliyeelekezwa na ndugu yake miaka mitatu iliyopita hukuta kituo alichoambiwa hakipo tena kwenye ramani.

Riyadh: mji ulibadilika reli ikijengwa

Metro ya Riyadh iliidhinishwa mwaka 2012, na mikataba ikasainiwa mwaka 2013 na miungano mitatu iliyoongozwa na Bechtel ya Marekani, FCC ya Uhispania na Ansaldo ya Italia. Treni zilitoka Siemens, Alstom na Bombardier. Kujenga njia sita kwa wakati mmoja katika mji wa mamilioni ya watu, uliokuwa haujawahi kuwa na reli ya mjini, ni jambo ambalo halikuwa na mfano, na tarehe za kufungua zilisogezwa mara kadhaa. Gharama imetajwa kuwa dola bilioni 22.5. Mfalme Salman aliizindua Novemba 27, 2024, abiria wakapanda kuanzia Desemba 1, na njia ya mwisho ikafunguliwa Januari 5, 2025. Nauli ya kawaida ni riyali 4 kwa saa mbili.

Neno dereva lilikuwa na uzito mwingine mjini humo. Mikataba iliposainiwa, mwanamke nchini Saudi Arabia hakuruhusiwa kuendesha gari. Kwenda kazini, chuoni au hospitalini alihitaji mume, baba, kaka, au dereva wa kuajiriwa, na familia nyingi zilimleta dereva huyo kutoka Asia au Afrika kwa mshahara uliochukua sehemu kubwa ya mapato ya nyumba. Marufuku hayo yaliondolewa Juni 2018. Metro ilipofunguliwa, ilikuta mji usiokuwa ule uliochorewa. Mabehewa yana sehemu ya daraja la kwanza, ya familia na ya wasafiri walio peke yao, na njia inayokwenda uwanja wa ndege ina vituo katika Chuo Kikuu cha Princess Nourah, ambacho ni cha wanawake. Kwa msichana ambaye nyumbani kwao hakuna gari la pili, riyali 4 zimefanya kazi ambayo sheria ya mwaka 2018 peke yake haikuweza kuifanya, maana leseni bila gari haimfikishi mtu popote.

Abiria walizidi milioni 100 katika miezi tisa ya mwanzo. Ni idadi kubwa kwa mji wenye petroli ya bei ndogo na barabara pana, na haitokani na reli tu. Mabasi mapya ya Riyadh yalianza kazi Machi 2023, karibu miaka miwili kabla ya treni. Yalipoanza wengi waliona ni mradi mdogo, kitu cha kupitisha muda wakati wa kusubiri metro. Kumbe ndiyo yaliyowazoesha watu kulipa kwa kadi, kusoma ramani na kuamini kwamba gari litapita. Katika hili Riyadh ilipanga vizuri kuliko Dubai, na huenda huo ndio uamuzi wa maana kuliko wote uliofanywa katika mradi mzima, ingawa haukuvutia kamera.

Siku maji yalipoingia

Aprili 16, 2024, Umoja wa Falme za Kiarabu ulipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu za hali ya hewa zianze mwaka 1949. Karibu na Al Ain zilipimwa zaidi ya milimita 250 kwa muda usiozidi siku moja. Hali hiyo ya hewa ilikuwa imekwisha kuua watu nchini Omani siku mbili kabla, wakiwemo watoto wa shule. Mjini Dubai metro ilikatika. Sehemu kubwa ya reli ya Njia Nyekundu iko juu ya nguzo, mbali na maji ya barabarani, lakini vituo vinne, Onpassive, Equiti, Mashreq na Energy, viliendelea kufungwa hadi mwezi wa Mei.

Katika wiki hizo, mabasi yalipelekwa kuziba pengo kati ya vituo vilivyofungwa. Mabasi hayo yalikuwa na madereva. Mfumo unaojiendesha hufanya kazi kwa uhodari wa ajabu ndani ya mipaka uliyopangiwa. Ukitoka nje ya mipaka hiyo, mji hurudi kwa watu wanaojua njia za mkato. RTA ilikuwa nao, na hilo ndilo lililopunguza adha.

Kinachoihusu Maskati

Maskati ni mji mrefu na mwembamba, umebanwa kati ya milima na bahari, nao umetandazwa kwa makumi ya kilomita kutoka Seeb hadi Ruwi na Mutrah kando ya barabara moja kuu. Kwa mchoraji wa reli umbo hilo ni neema, kwa sababu njia moja ingeweza kuhudumia sehemu kubwa ya wakazi. Ndilo pia umbo lililoishawishi Dubai kuiweka reli ukingoni mwa barabara kuu. Barabara ya Sultan Qaboos inatoa kishawishi kile kile. Ardhi ipo, kubomoa ni kidogo, na treni zitaonekana vizuri kwenye picha.

Kuna tofauti mbili ambazo mpango wowote utalazimika kuzijibu. Maskati ni mji wa nyumba za chini, zenye kuta na nafasi, na mitaa yake imesambaa mbali na barabara kuu; watu wanaoweza kufika kituo kimoja kwa miguu watakuwa wachache kuliko Deira. Pili, mabonde ya wadi yanaukata mji kutoka milimani hadi baharini, na waliokuwepo wakati wa kimbunga Gonu mwaka 2007 wanakumbuka yalivyojaa. Vituo vilivyozamishwa Dubai na mvua ya siku moja vinapaswa kuwa juu ya meza ya kila mhandisi anayechora vya Maskati.

Upande mwingine, Omani ina nafasi ambayo Dubai haikuitumia. Mji wa Sultan Haitham, uliozinduliwa Mei 2023 katika wilaya ya Seeb, umepangwa kuwa na nyumba elfu 20 na wakazi laki moja. Haujajazwa bado. Njia ya reli inaweza kutengewa nafasi kabla ya kuta kusimama, na mitaa yenye kivuli ikaelekezwa kituoni tangu mwanzo. Hilo halihitaji teknolojia yoyote ya kujiendesha, na halina gharama ya kulinganishwa na kuchimba handaki baadaye. Mabasi ya Mwasalat nayo yapo tayari, tangu kampuni hiyo ilipobadilishwa sura mwaka 2015, na njia zake ndizo zinazoweza kuonyesha ni wapi watu wanapanda kwa wingi leo, bila kusubiri utafiti mwingine.

Wanaopanda kwa wingi wanajulikana. Jioni, vituo vya mabasi vya Ruwi na njia za Hamriya na Wadi Kabir hujaa wafanyakazi wa maduka na karakana, wenyeji na wageni, ambao hawana gari na hawatarajii kulipata. Mji mpya wa Seeb na mitaa hiyo ya zamani viko kwenye ncha mbili za Maskati. Ramani ya metro itakapotolewa, kabla ya kuuliza kama treni zitakuwa na dereva, wakazi wa mji huo watataka kuona ni ncha ipi inaanza kujengwa, na mstari unafika umbali gani kutoka kwenye ile nyingine.